Wenye pikipiki wanaopiga hodi kwenye msiba wa askari

Machi 2006 baba mmoja anaitwa Albert Snyder alikuwa anamzika mwanae Matthew kwenye mji wa Westminster, jimbo la Maryland. Kijana wa miaka 20, askari wa kikosi cha Marine, amefia Iraq. Siku hiyo hiyo ya mazishi watu saba wa kanisa moja dogo kutoka Topeka, Kansas, wakaja wakasimama kama mita 300 kutoka kanisani na mabango mkononi, na bango moja lilikuwa limeandikwa kumshukuru Mungu kwa askari waliokufa. Matthew hawakumjua. Na familia yake hawakuwa na ugomvi nayo, wao walifuata tu msiba ulipo.

Naomba uishike picha hiyo kwanza kabla sijafika kwenye pikipiki, kwasababu bila hiyo ukiona video za wale wazee wa Kimarekani wenye ndevu nyeupe na vizibao vya ngozi vimejaa beji, wamesimama na bendera kubwa nje ya kanisa, utadhani ni klabu tu ya watu wanaopenda kuonekana. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Mpaka nilipoanza kufuatilia wale watu wanafanya nini hasa, wanasimama wapi, wanamgeuzia nani mgongo, na nani anawaita, ndio nikaona hapa kuna jambo ambalo sisi tuna neno lake kabisa.

Neno lenyewe ni kusitiri. Kwetu maiti anasitiriwa, na mfiwa naye anasitiriwa. Si umeona msibani mama akizidiwa na kilio khanga ikamfunguka, hakuna anayeulizwa, utakuta wanawake watatu wanne wameshamzunguka wamemziba kwa miili yao na khanga zao mpaka atulie. Hakuna aliyewapangia zamu. Basi chukua tendo hilo hilo, litoe kwenye mkeka wa msibani ulipeleke kwenye lami ya Oklahoma au Kansas, badala ya khanga weka bendera, badala ya wamama weka wanaume na wanawake waliokuja na Harley-Davidson zao kilomita mia mbili kwenye baridi, hapo utakuwa umewaelewa Patriot Guard Riders.

Walianzaje? Ilikuwa 2005, vita ya Iraq imeshika moto, majeneza yanarudi kila wiki. Lile kanisa la Topeka, Westboro Baptist, lililokuwa la mchungaji Fred Phelps na kwa sehemu kubwa ni watoto na wajukuu zake, lilikuwa limeshazoea kuandamana kwenye misiba ya watu kwa hoja kwamba Mungu anaiadhibu Marekani kwa kuvumilia ushoga, na mwaka huo likahamia kwenye misiba ya askari. Sasa pale Kansas kwenye mji mdogo wa Mulvane kulikuwa na tawi la American Legion Riders. Hao ni waendesha pikipiki walio ndani ya American Legion, chama kikubwa cha wastaafu wa jeshi kilichokuwepo tangu 1919, na hilo kundi la pikipiki lenyewe lilianzia Michigan 1993. Watu wa Mulvane wakaona hili haliwezekani. Yaani mama anamzika mtoto wake alafu mita chache pembeni mtu anaimba kwamba vizuri kafa? Wakaamua kwenda. Kabla mwaka haujaisha wazo likatoka Kansas likaenda majimbo mengine, likapata jina lake na uongozi wake, na watu wakajiunga kwa maelfu.

Kitu kilichonifanya niandike leo ni masharti waliyojiwekea. Sharti la kwanza, hawaendi kwenye msiba bila kuitwa na familia. Soma tena hapo. Watu wenye hasira ya haki kabisa, wana pikipiki, wana idadi, wana bendera, wanajua msiba uko wapi na saa ngapi, na bado wanakaa nyumbani mpaka mfiwa aseme njooni. Wenyewe wanajiita wageni waalikwa wa familia. Sisi tungesema wanapiga hodi, na wakisikia kimya hawaingii. Sharti la pili, wakiwa pale kazi yao ni kuonyesha heshima kwa marehemu na familia, na kama kuna wavurugaji basi ni kuizuia familia isiwaone na isiwasikie, kwa njia za kisheria tu na bila vurugu hata kidogo. Alafu kuna hili la watu kudhani ni chama cha wanajeshi wa zamani: hapana, sio lazima uwe umewahi kuvaa gwanda, hakuna ada, na wala sio lazima uwe na pikipiki, mtu anaweza kuja na gari lake akasimama na bendera kama wengine.

Siku ya kazi yenyewe, wao wanaita misheni, inakuwa hivi. Wanakutana mapema, labda sheli au kwenye uwanja wa kuegesha magari wa duka kubwa. Kapteni wa msafara anawaeleza marehemu ni nani, alihudumu wapi, familia imeomba nini na haijataka nini. Kisha msafara unaondoka wawili wawili mbele ya gari la jeneza, mwendo wa taratibu. Wakifika kanisani wanashuka, kila mmoja anachukua bendera yake yenye mti mrefu, wanajipanga mstari toka barabarani mpaka mlangoni, na familia inapita katikati. Hakuna kuongea. Kama kuna joto la nyuzi 38 wanasimama, kama theluji inaanguka wanasimama, wazee wa miaka 70 wenye magoti mabovu. Wakiwepo wale wenye mabango, mstari unasimama katikati na migongo inawaelekea wao, macho yanaelekea kwa wafiwa au yanatazama mbele tu. Siku za mwanzo mwanzo habari nyingi zilisimulia walivyokuwa wanaunguruma injini au kuimba ili kufunika kelele za waandamanaji, na hiyo nayo ilifanya kazi yake, ila kwa maoni yangu mgongo ndio uliokuwa na nguvu zaidi. Kumgeuzia mtu mgongo bila kumtukana ni kazi ngumu. Jaribu wewe, mtu anasema maneno yale nyuma yako na wewe ni mtu mzima uliyewahi kwenda vitani.

Sasa tuje kwenye sheria, manake kuna watu watauliza kwani serikali ilikuwa wapi. Ilikuwepo na ilijaribu. Mei 2006 Rais George W. Bush alisaini sheria iliyokataza maandamano karibu na makaburi ya taifa, lisaa limoja kabla ya mazishi mpaka lisaa limoja baada, ndani ya kama mita 90 toka getini. Majimbo mengi nayo yakatunga za kwao. Lakini Albert Snyder yeye alienda mbali zaidi, aliwashtaki Westboro mahakamani kwa kumuumiza kwa makusudi. Juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, likampa haki na fidia ya dola milioni 10.9, jaji akaishusha mpaka milioni 5, alafu mahakama ya rufaa ikaifuta yote na juu yake ikamwamuru yule baba awalipe wale waliokuja kumvurugia msiba gharama zao za rufaa, dola 16,510. Nikifika kwenye hiyo namba huwa nasimama kidogo. Mtu kamzika mwanae, kaenda kutafuta haki, karudishiwa bili.

Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na Machi 2, 2011 hukumu ikatoka, majaji 8 kwa 1, Westboro wameshinda. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba wale watu walisimama sehemu ya umma, pembeni ya barabara ya umma, wakazungumzia mambo yanayohusu umma, wakafuata maelekezo ya polisi, kwahiyo katiba inawalinda hata kama maneno yao yanaumiza. Jaji Samuel Alito peke yake ndiye alikataa.

Nitasema ninachoamini hapa na najua sio wote tutakubaliana. Naona wale wanane walikuwa sahihi kisheria. Nchi inayompa polisi mamlaka ya kuamua maneno gani yanaumiza sana, kesho atayatumia kwa mwandishi, keshokutwa kwa mama anayelalamika kuhusu maji, na sisi wa huku hatuhitaji kuhadithiwa hilo. Ila pia naona Albert Snyder alikuwa sahihi. Ameumizwa kweli. Na katikati ya hao wawili walio sahihi kuna nafasi ambayo sheria haiwezi kuijaza, haina mikono ya kufikia pale, na nafasi hiyo ndiyo ilijazwa na fundi bomba mstaafu na mwalimu na dereva wa lori waliosimama na bendera. Hawakumnyima mtu haki yake ya kusema. Wao walimpunguzia tu mfiwa ulazima wa kusikiliza. Hiyo tofauti ni kubwa mno na naona watu wengi wanaipita haraka.

Lakini kama wangekuwa dawa ya Westboro tu, Fred Phelps alipofariki 2014 na lile kanisa likapungua sauti, na wao wangerudi nyumbani. Hawakurudi. Na hapa ndio uchambuzi wenyewe unaanza, kwasababu inabidi tujiulize waandamanaji saba wa Topeka walitonesha kidonda gani kilichokuwepo tangu zamani.

Marekani iliacha kuandikisha watu jeshini kwa lazima 1973. Tangu hapo anayekwenda ni anayejitolea, na walioko kwenye jeshi la kudumu hawafiki hata mmoja kwa kila Wamarekani mia. Maana yake ni kwamba vita ya Iraq iliyoua karibu askari 4,500 wa Kimarekani, na ya Afghanistan iliyoua zaidi ya 2,400, zilipiganwa na familia chache, mara nyingi zile zile, baba alikuwa Vietnam, mtoto Fallujah, binti Bagram, wakati familia nyingine mtaa wa pili hazimjui hata mtu mmoja aliyekwenda. Nchi ipo vitani lakini sokoni huioni.

Na jeneza lenyewe lilikuwa halionekani. Kuanzia 1991 wizara ya ulinzi ilikataza waandishi kupiga picha majeneza yakishushwa kwenye kambi ya Dover, Delaware, ambapo miili yote ya waliokufa ng'ambo inapitia, na katazo hilo lilikaa mpaka 2009 ndipo familia zikapewa haki ya kuamua. Kibaya zaidi, kutoka Dover kwenda nyumbani mwili ulikuwa unaweza kusafirishwa kwenye ndege ya kawaida ya abiria, chini, pamoja na mizigo. Kuna wazazi wa San Diego ambao mtoto wao alifia Iraq mwishoni mwa 2005, wote wawili waliwahi kuwa jeshini, walipogundua mwanao anakuja kama shehena walikataa wakapiga kelele mpaka wabunge wakasikia, na kuanzia 2007 sheria ikawa mwili uje kwa ndege ya jeshi au iliyokodiwa na jeshi mpaka kiwanja kilicho karibu na nyumbani, na pawepo askari wa kuupokea.

Unganisha hayo mambo mawili. Vita haionekani, jeneza halionekani, na mfiwa anakaa mtaani kwake kama mtu aliyepata ajali ya siri. Ndipo siku moja anageuka anakuta pikipiki mia mbili zimepanga foleni nje ya kiwanja cha ndege, injini zimezimwa, watu wameshika bendera wanamsubiri mwanae. Kwa mama yule hiyo maana yake ni kwamba mji mzima umejua. Ndio maana nasema kelele za ile misafara zina kazi, zile injini zikipita kwenye barabara kuu ya mji mdogo watu wanatoka madukani, kinyozi anatoka na mkasi wake mkononi, watoto wa shule wanasimama kwenye uzio, na mtu ambaye hakuwa anajua kuna askari wa hapa amekufa anajua.

Waingereza walilipata hili kwa njia nyingine. Kati ya 2007 na 2011 miili ya askari wao ilikuwa inatua kambi ya Lyneham na kupita kwenye mji mdogo wa Wootton Bassett, na wazee wachache wa mji wakaanza tu kusimama pembeni ya barabara, hawakuambiwa na mtu. Ikakua mpaka mji wote unasimama, maduka yanafungwa, kengele ya kanisa inagongwa. Machi 2010 maelfu ya waendesha pikipiki walipita pale kuushukuru ule mji, na 2011 mji ukapewa cheo cha Royal mbele ya jina lake. Pale pia ni raia walioanza.

Kuna kidonda cha pili, nacho ni Vietnam. Ukiangalia sura za wale waendesha pikipiki, wengi ni wa rika hilo. Walirudi mmoja mmoja kwa ndege, leo uko msituni, keshokutwa uko sebuleni kwa mama yako, na nchi imechoka na vita na haitaki kukuona. Hakuna gwaride, hakuna mtu uwanjani. Mpaka leo wakikutana wao kwa wao salamu yao ni "karibu nyumbani", wanaambiana wenyewe kwasababu hakuna aliyewaambia wakati ule. Mwaka 1988 wenzao walianzisha msafara wa pikipiki kuingia Washington kila mwisho wa Mei, ukaitwa Rolling Thunder, kudai serikali isiwasahau waliotekwa na waliopotea Vietnam, na mwaka uliofuata ukaanza mwingine unaotoka California na kukata nchi nzima mpaka Washington kwenye ule ukuta mweusi wa kumbukumbu ya waliokufa Vietnam, wenye majina zaidi ya 58,000. Kwahiyo ile tabia ya kupanda pikipiki kwa ajili ya askari aliyesahauliwa ilikuwepo tayari. Kilichobadilika 2005 ni kwamba waliacha kudai kwa ajili ya rika lao wakaanza kusimama kwa ajili ya watoto wa wengine, wasipokelewe kama walivyopokelewa wao. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa, mtu aliyenyimwa kitu kuamua kwamba mwenzake hatanyimwa. Wangeweza kusema na wao waonje.

Haya, sasa niseme na yale yanayonitia wasiwasi, manake sipendi kuandika kama mtu wa matangazo.

Heshima kwa askari ni kitu ambacho wanasiasa wanakipenda sana. Rolling Thunder ilikuwa kubwa mpaka wagombea wakaanza kuja kuomba kura pale, Donald Trump alihutubia umati wa 2016, na ukishafika hapo mama ambaye mwanae amekufa na yeye anapinga ile vita atasimama wapi? Wako wazazi wa askari waliokufa Iraq ambao walikuwa wapinzani wakubwa wa vita yenyewe. Je, bendera mia mbili nje ya kanisa zinamsitiri huyo, au zinamwambia anyamaze? Naona jibu liko kwenye lile sharti la hodi. Msafara unaoingia kwa kuitwa hauwezi kumpangia mfiwa msimamo, akitaka bendera kumi zitakuwa kumi, akitaka pikipiki zikae mbali zitakaa mbali, akisema msije hawaji. Siku wakiliacha lile sharti, siku wakianza kwenda kwasababu wanaona msiba ni wao na sio wa familia, watakuwa wamefanana na wale wa Topeka kwa jambo moja kubwa, kuutumia msiba wa mtu. Mpaka sasa wamelishika na ndicho ninachowaheshimia zaidi.

Jingine ni kwamba mstari wa bendera unadumu lisaa limoja na ujane unadumu miaka. Familia ya Kimarekani iliyopoteza mtu vitani inaitwa familia ya Nyota ya Dhahabu, tangu vita ya kwanza ya dunia watu wenye mtoto jeshini wanaweka dirishani kibendera chenye nyota ya bluu, akifa inabadilishwa inakuwa ya dhahabu. Sasa baada ya mazishi nani anakata majani ya uwanja wa huyo mjane? Nimefurahi kuona kwamba wengi wa hawa waendesha pikipiki nao walijiuliza, wanachanga, wanatengeneza ngazi ya mlemavu, wanakwenda kumuaga askari anayeondoka na kumpokea anayerudi mzima, wanakwenda hospitali za wastaafu kukaa tu na wazee. Haitoshi kwa shida ilivyo. Lakini ni mwanzo wa kuelewa kwamba kusitiri hakuishii makaburini.

Na hapa lazima niseme ya kwetu, manake nimekulia mtaa wenye familia nyingi za wanajeshi na picha hizi nimeziona. Lori la jeshi linakuja, vijana waliovaa sare safi wanabeba jeneza kwa hatua moja, risasi zinapigwa hewani, watoto wote wa mtaa tumeziba masikio, mjane anakabidhiwa kilichokunjwa. Ni heshima kubwa na inafanywa vizuri, siandiki kuilaumu. Kisha lori linaondoka. Tanga linaanuliwa. Nakumbuka mama mmoja jirani yetu, miezi kama mitatu baada ya mumewe kuletwa, alikuwa anakaa barazani jioni na mtu akipita anamsalimia kwa haraka kama vile msiba unaambukiza. Mama yangu ndiye alikuwa akitutuma, nendeni mkakae kwa mama yenu pale, hata kama hamna la kusema. Tulikuwa tunaona ni adhabu.

Desemba 2017 Tanzania ilipoteza askari 14 usiku mmoja kule Semuliki, Kivu Kaskazini, wakiwa kwenye kazi ya kulinda amani ya Umoja wa Mataifa, wengi wakajeruhiwa. Nchi ililia, miili ikaagwa kwa heshima Dar es Salaam. Kenya waliipitia yao El Adde, Somalia, Januari 2016. Na kule Kaboya, Kagera, wamelala wale wa vita ya 1978 na 1979, na kila Julai 25 tunaweka mkuki na ngao. Sitaki kusema tuige bendera na vizibao vya ngozi. Hatuhitaji. Sisi tuna bodaboda.

Wewe umeona bodaboda akifa kijiwe kinavyofanya. Wenzake wote wanaacha kazi siku hiyo, wanafunga matawi mbele ya pikipiki, honi mpaka makaburini, na mchango umeshapita kijiweni kabla mwili haujatoka mochwari. Wengine wanaona ni fujo na ni kweli kuna wanaopanda watatu bila helmeti na kunyanyua tairi la mbele, hilo silitetei, mtu asiongeze msiba juu ya msiba. Lakini ile namna ya kuja wote bila kuandikiwa barua ndiyo ile ile ya Mulvane. Tofauti iko kwenye mipaka. Wale wana kapteni, wana mwendo mmoja, wameuliza familia inataka nini, wanajua lini kunyamaza. Kijiwe kimoja cha boda kikiamua kwamba familia ya askari iliyopo mtaani kwetu ni ya kwetu, tumpeleke mtoto wake shule bure siku za mvua, tumpitishie mama maji, siku ya kumbukumbu ya mzee tuje kumi tu kwa utaratibu tukiitwa, sioni nini kinashindikana. Hela yake ni ndogo. Kinachotakiwa ni mtu wa kwanza wa kwenda kubisha mlango.

Nimalizie na kazi yao moja ambayo watu hawaizungumzii sana na mimi ndiyo inanigusa kuliko zote. Marekani mtu yeyote aliyehudumu jeshini akaondoka kwa heshima, sheria tangu mwaka 2000 inampa haki kwenye mazishi yake: angalau askari wawili wenye sare, bendera ikunjwe, wimbo wa tarumbeta upigwe. Wawili. Hicho ndicho kiwango cha chini. Sasa wapo wastaafu wanaokufa peke yao, kwenye chumba cha kupanga, chini ya daraja, hospitali, hakuna ndugu aliyekuja. Majivu ya wengine yamekaa kwenye kabati la nyumba ya mazishi miaka ishirini, thelathini, kwenye kopo lenye karatasi ya jina. Kuna watu wa kujitolea waliojipa kazi ya kuzunguka kwenye hizo nyumba nchi nzima kuuliza mna nani humu ndani ambaye hakuchukuliwa, wanalinganisha majina na kumbukumbu za jeshi, wakimpata askari wanampangia maziko kwenye makaburi ya taifa. Na wanaomsindikiza ni wenye pikipiki.

Hapo hakuna mwandamanaji wa kumzuia, kamera hakuna, na mfiwa wa kumsitiri hayupo. Na kwa kuwa hakuna familia ya kuwaita, ni wale waliompata kabatini ndio wanaopiga simu. Wanakuja vile vile, hamsini, sitini, wengine wameomba ruhusa kazini. Wanapanga mstari ule ule, kopo linapita katikati yao. Bendera inakunjwa mara 13 mpaka inabaki pembetatu ya bluu yenye nyota, yule askari kijana mwenye sare anageuka amkabidhi mtu wa familia kama alivyofundishwa, na anayesogea mbele akapiga goti kuipokea ni mzee mwenye kizibao cha ngozi, ambaye jina la marehemu amelisikia kwa mara ya kwanza asubuhi ile kwenye uwanja wa kuegesha magari.